Jinsi ya Kuitembelea kwa Miguu Michoro ya Ukutani ya Mji wa Kale, Mombasa

Anayetaka kuiona vizuri michoro ya ukutani ya Mombasa, na hasa ile ya Mji wa Kale, hana budi kwenda kwa miguu, kwa kuwa vichochoro vingi havipitishi gari, na anayepita barabarani kwa tuktuk huiona picha kwa kufumba na kufumbua kisha ikampotea. Ushauri ninaoushikilia kuliko mwingine wowote ni huu: uangalie ukuta kabla ya kuiangalia picha. Ukuta ndio unaoamua rangi itadumu muda gani, na pia una mwenyewe, ambaye aliridhia nyumba yake ichorwe au aliamka asubuhi akakuta imeshachorwa.

Ondoka mapema, saa moja au saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla maduka hayajatoa bidhaa nje na kuziba nusu ya kuta. Mji wa Kale uko upande wa mashariki wa kisiwa, umeelekea bandari ya zamani, kwa hiyo jua la asubuhi huzipiga kwanza kuta zinazotazama bahari, ilhali zile zilizogeukia ndani ya mji hupata mwanga wake alasiri. Jambo lisilofikiriwa na wengi ni kwamba Mombasa iko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini kuanzia karibu tarehe 10 ya mwezi wa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha huhamia upande wa kusini kwa miezi iliyobaki. Ukuta uliokuwa gizani ulipoupiga picha mwezi wa Julai huenda ukaukuta umejaa mwanga mwezi wa Januari.

Anzia Fort Jesus, na usiishie kuizunguka kwa nje. Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya msanifu Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, na mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ndani yake mna michoro ya ukutani iliyoachwa na Wareno wa karne ya 17, ambao walichora meli na watu kwa kutumia makaa na udongo mwekundu. Naipendekeza iwe ya kwanza kuonwa kwa sababu inafundisha jicho: mistari ni michache, rangi ni zile zilizopatikana, na mchoraji alichora kile alichokijua kuliko vyote, yaani bahari na vyombo vyake.

Ukitoka ngomeni shika Ndia Kuu. Hapa usitarajie michoro mikubwa. Fahari ya mtaa huu ni milango ya nakshi, roshani za mbao na maandishi ya Kiarabu juu ya vizingiti. Itazame njiani bila kukawia sana, ukielekea uwanja wa bandari ya zamani unaoitwa Government Square, kisha ugeuke kuingia Kibokoni, ambako inafaa upunguze mwendo.

Kibokoni na vichochoro vinavyouzunguka ndipo penye rangi. Utakuta kuta zilizochorwa na vijana wa mtaa zikiwaonya wenzao juu ya dawa za kulevya, mashua zenye matanga yaliyojaa upepo, nyuso za wazee, misemo iliyoandikwa kwa herufi kubwa, na kuta za shule na madrasa zenye alfabeti na wanyama. Karibu nazo kuna kazi za mafundi wa kuandika mabango, kama vile vichwa vilivyonyolewa mitindo mbalimbali nje ya kinyozi, au samaki na bei zake nje ya duka. Wapo wanaozipita kazi hizi kwa kuziona ni matangazo tu. Mimi naziweka sawa na nyingine, kwani fundi anayeweza kuandika jina la duka kwenye ukuta wenye mabonde, akalifanya lisomeke limenyooka kutoka ng’ambo ya pili ya barabara, ana mkono ambao wachoraji wengi wangeuonea wivu.

Chagua mchoro mmoja usimame mbele yake kwa muda. Kwanza rudi nyuma uuone mzima, kisha sogea mpaka pua yako iwe kama shubiri mbili kutoka ukutani. Ukiona chini ya rangi miraba hafifu ya penseli au chaki, jua kwamba mchoraji alikuwa na picha ndogo mkononi na akaikuza mraba baada ya mraba. Ukingo ulio kama ukungu, pamoja na michirizi iliyoteremka kabla ya kukauka, ni dalili ya rangi ya kupuliza. Alama za nywele za brashi zinazopishana ni dalili ya kazi ya mkono. Nyekundu na manjano mara nyingi hutangulia kufifia kwa jua, na nyeusi hudumu zaidi, ndiyo maana uso uliochorwa zamani huweza kubaki na macho na nyusi wakati midomo imeshapauka. Kabla hujaondoka angalia pembe ya chini, kwani huko ndiko kwenye jina la mchoraji, pengine na mwaka.

Sasa shuka kwa macho hadi usawa wa magoti. Nyumba za kale za hapa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta za namna hiyo huvuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa polepole kupitia usoni. Zikipigwa plasta ya saruji au zikipakwa rangi isiyopitisha hewa, unyevu hukosa njia, na chumvi iliyomo hukauka nyuma ya rangi na kuisukuma. Utaona vijipu vya rangi, kisha magamba, kisha unga mweupe unaoshika kidoleni. Usiyabandue magamba hayo hata kama yananing’inia. Kila kipande kinachotoka hakirudi.

Kuhusu adabu, salimu kabla ya kuinua simu. Waliokaa barazani waambie “Asalaam aleikum”, kisha muulize mkubwa wao: “Samahani mzee, naomba kuupiga picha ukuta huu.” Aghalabu utaruhusiwa, tena utaelezwa nani alichora na kwa nini. Akikukataza, mshukuru uendelee na safari. Usielekeze kamera kwenye mlango ulio wazi wala dirisha, maana ndani mna watu na sitara yao, wala usiwapige picha akina mama au watoto bila idhini. Epuka kupiga picha vituo vya polisi na maeneo ya forodha. Vaa nguo za heshima. Siku ya Ijumaa usizibe njia za misikitini kati ya saa sita na saa nane mchana, na mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa njiani. Ukichukua mwongozaji, jambo ninalolisifu kama ni mwenyeji wa mtaa huo, patana naye bei kabla ya hatua ya kwanza.

Kila mchoro upige picha tatu: moja ya ukuta mzima ukiwa umesimama katikati yake, moja ya karibu, na moja inayoonyesha mtaa ili mahali pake pajulikane. Andika tarehe na jina la mtaa papo hapo. Ukiiweka picha mtandaoni, taja jina la mchoraji kama lipo, kwa kuwa picha ya simu ndiyo huenda ikawa kumbukumbu pekee ya kazi yake baada ya ukuta kupakwa upya.

Na kuta hupakwa upya kweli. Ukipitia soko la Marikiti na Mtaa wa Biashara, ambako leso zilizotundikwa zina misemo inayostahili kusomwa kama ile ya ukutani, utatokea Barabara ya Digo na kukutana na majengo meupe yenye buluu, kwani mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe rangi hizo. Pale nyeupe ilipochakaa, tafuta herufi za matangazo ya zamani zikichungulia kwa chini.

Njia ile ile irudie mwezi wa Juni au Julai, masika yakishapita. Mvua itakuwa imeshaonyesha ni rangi ipi iliyoshika na ipi iliyoachia, na ukimkuta fundi yuko juu ya ngazi anakwangua ukuta wake, mwombe ruhusa ukae umtazame anavyoanza.