Kupanga biashara mwaka wa uchaguzi ukiwa wa jamii ndogo

Nauza mabati na saruji kwa jumla hapa Kisumu, na mimi ni Mhindi wa Kenya. Julai 2017 serikali ilitutambua kuwa kabila la 44, wiki chache kabla ya kura. Tulifurahi, kisha tukaongeza kufuli. Kwetu habari za 1972 bado husimuliwa mezani, jinsi Amin alivyowapa ndugu zetu wa Uganda siku 90 waondoke. Ndiyo maana meneja wa jamii yetu akiulizwa mwaka ujao utakuwaje, hofu ya babu yake ndiyo hujibu. Kura ni 10 Agosti 2027, basi tupange.

Fuata kalenda ya Katiba, si ya WhatsApp. Matokeo ya urais hutangazwa ndani ya siku 7, kesi hupelekwa Mahakama ya Juu ndani ya siku 7 nyingine, nayo huamua kwa siku 14. Ikifuta matokeo, kura hurudiwa ndani ya siku 60, kama ilivyokuwa 26 Oktoba 2017. Kwa hiyo weka akiba ya mishahara na kodi ya ghala hadi Novemba.

Kisha fungua vitabu vya mauzo vya 2017 na 2022, wiki kwa wiki. Hapo utaona wateja walisimama lini na walirudi lini, si mtu alivyokuambia msikitini au hekaluni.

Mabati yalete mapema, hayaozi. Saruji lete kidogo kidogo, maana ikikaa inaganda, na barabara ya Nakuru ikifungwa huna la kufanya.

Penye kazi ni deni. Kuanzia Juni, aliyezoea kulipa kwa siku 60 mpe 30, na umwambie ana kwa ana. Sharti liwe moja kwa wote: ukimkaza Mluo wa Siaya ukamlegezea Mhindi mwenzako, soko la Kibuye litajua kabla ya chai ya saa nne, na hilo litakugharimu kuliko uchaguzi wenyewe.

Bima ya moto mara nyingi haigusi hasara ya ghasia. Ulizia ile ya machafuko ya kisiasa. Wagombea watapita ofisini kuomba mchango. Mimi huwapa chai.

Andika bajeti mbili, ya utulivu na ya kura kurudiwa, uzipeleke benki kufikia Machi. Ikifika Juni, maofisa wa mikopo nao huwa wanasubiri matokeo.