Jinsi ya Kufuatilia Nyaraka za Kiwanda cha Ndege Kilichokufa

Kiwanda cha ndege kinapofungwa, mashine hupigwa mnada, majengo hupata mpangaji mwingine, na mafundi huenda kutafuta kazi kwingine. Makaratasi hayana mnunuzi. Michoro ya kihandisi, ripoti za majaribio ya angani, picha, barua za wakurugenzi na daftari za mafundi hubaki kwenye kabati mpaka mtu fulani aamue la kufanya, na mara nyingi mtu huyo amepewa siku chache tu za kuacha jengo likiwa tupu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya anayekarabati ndege ya zamani, mtafiti wa historia, na mjukuu anayetaka kujua babu yake aliunda nini, yaani kila mtu anayeuliza swali lile lile: makaratasi yale yalikwenda wapi?

Kosa la kawaida ni kutafuta hifadhi moja ya kampuni, kana kwamba kila kitu kilifungwa sandukuni na kupelekwa mahali pamoja. Nyaraka za kampuni iliyokufa hugawanyika, na kila fungu hufuata njia yake. Supermarine ya Uingereza, waliounda ndege ya kivita ya Spitfire, ni mfano mzuri. Kampuni hiyo ilinunuliwa na kampuni kubwa ya Vickers mwaka 1928, kwa hiyo anayetaka kujua mambo ya uongozi na fedha huanzia kwenye kumbukumbu za Vickers zilizoko Maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge, ilhali anayetaka michoro ya ndege yenyewe huelekea Jumba la Makumbusho la RAF, yaani jeshi la anga la Uingereza, huko Hendon, London. Ni kampuni moja, lakini ni safari mbili tofauti. Basi kabla ya kumwandikia yeyote, amua unachotaka ni karatasi ya aina gani.

Chora ukoo wa kampuni

Chukua karatasi na uandike nani alimnunua nani, na mwaka gani. North American Aviation ya Marekani, waliounda ndege ya kivita ya Mustang, waliungana na Rockwell mwaka 1967, na shughuli za anga za Rockwell zikauzwa kwa Boeing mwaka 1996. McDonnell na Douglas waliungana mwaka 1967, kisha wakaingia Boeing mwezi Agosti 1997. Republic ya Farmingdale, New York, ilinunuliwa na Fairchild mwaka 1965, na kiwanda chake kikafungwa mwaka 1987. Kila mwaka katika ukoo huo ni siku ya kuhama, na nyaraka hupotea zaidi siku za kuhama kuliko wakati mwingine wowote.

Angalia pia kampuni ilikufaje, maana kufa kwa kumezwa si sawa na kufa kwa kufilisika. Kampuni iliyomezwa huacha mrithi, na mrithi huwa na wanasheria wanaotunza kile kinachoweza kuhitajika mahakamani, hata kama hawajali historia. Kampuni iliyofilisika humwachia mfilisi kila kitu, na mfilisi huthamini kile kinachouzika. Handley Page ya Uingereza ilikataa kujiunga na makundi makubwa yaliyoundwa kwa shinikizo la serikali, ikaingia kwenye ufilisi mwezi Agosti 1969 na kufunga kabisa mwaka uliofuata. Hakuna kampuni kubwa ya kuibishia mlango leo, na ndiyo maana mkusanyo wa nyaraka zake ulioko Jumba la Makumbusho la RAF una thamani kubwa kwa anayeitafiti.

Uliza pia kilichoungua na kilichoharibiwa

Watafiti wengi hupoteza miezi wakisaka kitu ambacho hakipo tena, kwa hiyo mwulize mtunza nyaraka mapema kuhusu majanga. Moto uliozuka katika kiwanda cha kampuni ya Avro huko Chadderton, Uingereza, mwezi Oktoba 1959 uliteketeza sehemu kubwa ya kumbukumbu za miaka ya mwanzo ya kampuni hiyo. Makumbusho ya anga ya San Diego, ambayo leo yana mikusanyo mikubwa ya kampuni za Convair na Ryan, yaliteketea mwezi Februari 1978 na kulazimika kuanza kukusanya upya.

Maumivu makubwa zaidi ni pale uharibifu unapoamriwa. Serikali ya Kanada ilifuta mradi wa Arrow, ndege ya kivita ya kampuni ya Avro Canada, tarehe 20 Februari 1959. Baadaye ikatoka amri ya kuharibu ndege zilizokwisha kuundwa, vifaa vya kuziundia na michoro yake. Hata hivyo, mwaka 2020 michoro halisi ya Arrow ilionyeshwa hadharani katika Chuo Kikuu cha Saskatchewan, baada ya kukaa nyumbani kwa familia ya mchoraji mmoja wa kampuni kwa takribani miaka 60. Msomaji mwenye haraka asiipite hadithi hii kama bahati tu. Ni njia ya kazi: tafuta vyama vya wastaafu wa kiwanda, soma majarida yao ya zamani, waandikie watoto wao kwa heshima, na uliza waziwazi kama kuna mirija ya karatasi darini au kwenye banda la gari. Wengi walichukua nyumbani kile walichokatazwa kukihifadhi, na wengi wamefariki bila kumwambia mtu ni nini.

Tafuta nakala ya mnunuzi na ya mdhibiti

Hapa ndipo ninapoweka matumaini yangu makubwa. Kiwanda hakikufanya kazi peke yake. Kilimuuzia mtu, na kilimwomba mtu kibali. Mtu huyo alibaki na nakala. Kwa ndege za kijeshi za Marekani, mnunuzi alikuwa serikali, na faili zake ziko Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, ambayo hupanga mambo kwa makundi yenye namba: kundi la 72 ni la ofisi ya ndege za jeshi la majini, kundi la 18 ni la jeshi la anga la enzi za Vita vya Pili vya Dunia, na kundi la 342 lina mafaili mengi ya utafiti yaliyotoka Wright Field, kituo cha jeshi cha utafiti wa ndege huko Ohio. Kwa Ujerumani, Deutsches Museum mjini Munich inatunza nyaraka za Junkers, Heinkel na Messerschmitt, lakini washindi wa vita walibeba shehena kubwa ya makaratasi ya viwanda hivyo, kwa hiyo nyingine hupatikana kwa waliozibeba.

Kwa ndege za kiraia, aliyebaki na nakala ni mdhibiti. Ili kupata cheti cha aina ya ndege, kampuni ilipaswa kuwasilisha michoro na mahesabu. Kuyapata kunaweza kuwa vita. Mmiliki wa ndege ya Fairchild F-45, aina iliyoundwa miaka ya 1930, aliomba michoro yake kwa FAA, mdhibiti wa usafiri wa anga wa Marekani, mwaka 1997 na akanyimwa kwa hoja ya siri za biashara. Mwenzake aliomba nyaraka zile zile, na shauri lake, Taylor v. Sturgell, likafika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2008, iliyoamua kwamba kushindwa kwa wa kwanza hakumzuii wa pili kudai haki yake. Sasa sheria ya nchi hiyo inaruhusu FAA kutoa data ya namna hiyo kwa anayeitunza ndege iwe salama kuruka, ikiwa cheti kimelala kwa miaka 3 au zaidi na mwenye cheti au mrithi wake hapatikani baada ya kutafutwa kwa bidii. Unapoandika ombi, taja aina ya ndege, namba ya cheti, na ikiwezekana namba za michoro. Ombi la “nyaraka zote” humchosha afisa na hurudi na jibu fupi.

Soma namba ya mchoro kabla ya kuagiza

Ukipata mchoro wa kwanza, usikimbilie umbo la kifaa. Tazama kona ya chini, kwenye kisanduku cha maelezo: kuna namba ya mchoro, herufi ya marekebisho, tarehe, herufi za majina ya aliyechora na aliyekagua, na mara nyingi namba ya mchoro wa kifaa kikubwa ambacho hiki hufungwa ndani yake. Namba hiyo ya mwisho ni ngazi. Ipande, nayo itakupeleka kutoka kwenye kibano kidogo mpaka kwenye bawa zima.

Namba yenyewe husimulia asili ya kifaa. Supermarine waliipa Spitfire ya kwanza Aina ya 300, na michoro yake ikaanza na 300. Toleo la Mark V likapata namba 331 na 349, na Mark IX ikawa 361. Mtu anayekarabati Mark IX akaagiza michoro ya 361 peke yake atapata sehemu tu ya ndege yake, kwa sababu wachoraji walichora upya kile kilichobadilika na kuyaacha mengine yabaki na namba ya 300. North American walifanya vivyo hivyo: namba 73, ya Mustang ya mwanzo, huonekana kwenye vifaa vya P-51D, toleo la Mustang lililokuja miaka kadhaa baadaye. Mkusanyo unaodhani haukuhusu unaweza kuwa na nusu ya ndege yako.

Ukikabidhiwa sanduku

Usilipange upya. Piga picha sanduku lilivyo, lebo zake, na mpangilio wa mafaili, kwa sababu mpangilio huo ndio ushahidi wa jinsi kiwanda kilivyofanya kazi. Mchoro uliokaa umekunjwa kama mrija kwa miongo mingi usiufungue kwa nguvu. Uache upumzike kwenye chumba chenye unyevu wa wastani, kisha uufungue polepole ukiushikilia kwa vitu vizito visivyo na ncha kali. Usibandike selotepu popote. Michoro ya buluu yenye mistari myeupe hufifia ikiachwa kwenye mwanga, na huharibiwa na karatasi zilizotiwa alkali ambazo kwa nyaraka nyingine ni kinga, kwa hiyo iwekee mfuko usio na alkali. Michoro iliyochorwa kwenye kitambaa cha kuchorea imetiwa wanga, na tone la maji huiachia doa la kudumu.

Nusa filamu. Harufu ya siki inamaanisha filamu ya asetati imeanza kuoza, na mvuke wake huharakisha kuoza kwa zilizo jirani. Zitenge siku hiyo hiyo na uziskani kwanza. Filamu za naitreti, zilizotumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, huwaka kwa ukali. Hizo zisikae nyumbani hata kwa wiki moja: wasiliana na wataalamu.

Kabla ya kutoa mkusanyo kwa makumbusho, dai hati ya makabidhiano inayosema nani anamiliki karatasi, nani ana hakimiliki, na kama taasisi inaruhusiwa kuuza au kutupa isichohitaji. Mambo haya matatu hayafuatani. Mrithi wa kampuni anaweza kuwa na hakimiliki ya mchoro ambao karatasi yake ni mali yako, na wala umiliki huo haukupi kibali cha kutengeneza kifaa cha kufungwa kwenye ndege inayoruka. Uliza pia nani ataandaa orodha ya yaliyomo, na lini. Kisha geuza kila karatasi uangalie mgongo wake kabla haijaondoka mikononi mwako, kwa maana skana nyingi hunakili upande mmoja tu, na penseli ya fundi aliyegundua kwamba tundu halilingani huwa upande wa pili.