Kabla hujachoma peptidi, uliza imejaribiwa kwa nani

Kano ya bega langu ilipochanika, mwenzangu wa mazoezi alinipa kichupa cha BPC-157, peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, vijenzi vya protini: unga mweupe chini, lebo imeandikwa "kwa utafiti tu". Anza na lebo. Dawa ya binadamu haiandikwi hivyo.

Kisha uliza imejaribiwa kwa nani. BPC-157, yenye asidi amino 15, imesaidia kano za panya kupona. Kwa watu ushahidi ni haba mno, na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, iliipiga marufuku mwaka 2022. Nilikirudisha kile kichupa.

Semaglutidi, peptidi ya kupunguza uzito, ni habari nyingine kabisa. Inaiga GLP-1, homoni ya utumbo, hivyo unashiba mapema. Jaribio la watu 1,961 lilichukua wiki 68: waliopewa dawa walipungua wastani wa karibu asilimia 15, wasiopewa asilimia 2.4. Tirzepatidi, dawa ya jamii hiyo, inaiga homoni mbili, na hupunguza zaidi.

Semaglutidi ya sindano huanza na miligramu 0.25 kwa wiki, ikipanda taratibu. Usiruke ngazi, kichefuchefu kitakuangusha. Na tafadhali, mwambie daktari kama ukoo wenu una saratani ya tezi ya thairoidi. Muulize pia mpango wa baadaye, maana ukiacha sindano, uzito mwingi hurudi.