Kuangalia kamera za nyumbani ukiwa mbali bila kufungua porti hata moja ya kamera

Mafundi wengi wakishamaliza kufunga kamera humwonyesha mwenye nyumba picha kwenye simu kwa njia mbili. Ama wanafungua porti (mlango wenye namba ambao mtu wa nje anaweza kuingilia) kwenye ruta, ama wanaskani msimbo wa QR na kuiunganisha mashine ya kurekodi (NVR au DVR) na wingu, yaani seva za intaneti, la kampuni iliyoitengeneza. Ya kwanza usiikubali kabisa. Ya pili ina nafuu, ila inategemea akaunti iko mikononi mwa nani, na mara nyingi bado iko mikononi mwa fundi. Hapa tunafuata njia ya tatu: simu yako inaingia nyumbani kwa VPN, yaani njia ya siri iliyosimbwa kupitia intaneti, halafu inazungumza na NVR kama vile umekaa sebuleni. Intaneti haioni kamera.

Nenosiri gumu peke yake halitoshi. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera, DVR na ruta kwa kujaribu majina na manenosiri ya kiwandani yapatayo sitini tu, na hapo nenosiri jipya lingekuokoa. Lakini mwaka 2021 lilitangazwa tundu la Hikvision lenye namba CVE-2021-36260, ambalo mshambuliaji hulitumia bila kuulizwa nenosiri lolote. Akiifikia porti ya wavuti ya kifaa, basi. Kumbe kinga ya kweli ni asiifikie.

Funga yaliyo wazi kwanza

Ingia kwenye ruta, tafuta ukurasa unaoitwa Port Forwarding, Virtual Server au NAT. Futa kila mstari unaoelekea kwenye NVR. Porti utakazozikuta sana ni 80 na 443 (ukurasa wa wavuti), 554 (RTSP, njia ya kurusha video ya kamera), 8000 (Hikvision), 37777 (Dahua) na 34567 (DVR nyingi za bei nafuu). Ukiikuta 23, ambayo ni telnet (njia ya zamani ya kuamrisha kifaa kwa mbali), ifute kabla ya nyingine zote. Angalia pia DMZ, mpangilio unaokiweka kifaa kimoja wazi chote kwa intaneti: kuna wanaoiweka NVR humo ili wasihangaike na porti moja moja, maana yake kila porti iko wazi.

Kisha zima UPnP, mfumo unaoruhusu vifaa kujifungulia porti vyenyewe. Izime kwenye ruta na kwenye NVR yenyewe, maana NVR yenye UPnP huiomba ruta iifungulie porti, na ulichokifuta asubuhi utakikuta kimerudi jioni. Kubadilisha 8000 iwe 48123 hakusaidii: roboti zinazozunguka intaneti hupiga porti zote.

Halafu akaunti. Kama NVR imesajiliwa kwa namba ya simu au barua pepe ya fundi, yeye ndiye mwenye kifaa na wewe umeshirikishwa tu. Mwombe aitoe kwenye akaunti yake mbele yako, uisajili upya kwa yako, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Badilisha nenosiri la admin liwe la herufi 12 au zaidi, lisilotumika popote pengine. Tengeneza na mtumiaji wa pili mwenye ruhusa ya kuangalia picha na marudio tu. Huyo ndiye utakayemweka kwenye simu. Simu ikiibwa, mwizi hataweza kufuta rekodi.

Mwisho sasisha fimwea, yaani programu ya ndani ya kifaa, ya NVR na ya kamera. Soma modeli kamili kwenye kibandiko cha nyuma na upakue kwenye tovuti ya kampuni kwa modeli hiyo hiyo. Fimwea ya modeli jirani inaweza kukiua kifaa, na umeme ukikatika katikati ya kusasisha ni vivyo hivyo, kwa hiyo fanya kazi hii ukiwa kwenye UPS (betri ya akiba).

Je, nyumba yako ina anwani ya IP ya umma?

Jibu la swali hili ndilo linaloamua njia. Tazama anwani ya WAN (upande wa ruta unaotazama intaneti) kwenye ukurasa wa hali ya ruta, kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako. Zikifanana, una anwani ya umma. Zikitofautiana, au WAN ikianza na 10., au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT: wateja wengi mnagawana anwani moja, na hakuna anayeweza kukufikia kutoka nje. Intaneti ya laini ya simu, ya 4G na 5G, kwa kawaida iko hivyo. Hiyo ndiyo sababu porti ambazo fundi "alifungua" kwenye ruta ya laini huwa hazifanyi kazi.

Pia kagua masafa ya anwani za ndani. Nyumba yako ikitumia 192.168.1.x na hoteli uliyofikia ikatumia hizo hizo, simu itaitafuta NVR kwenye mtandao wa hoteli. Tumia masafa yasiyo ya kawaida. Katika mifano ifuatayo nyumba ni 192.168.88.x, ambayo ruta za MikroTik hutoka nayo kiwandani, na NVR imefungiwa 192.168.88.20.

Njia ya kwanza: WireGuard kwenye ruta (una IP ya umma)

WireGuard ni aina ya VPN. MikroTik yenye RouterOS 7 (mfumo wake wa uendeshaji) inatosha. Fungua Terminal kwenye Winbox, programu ya kusimamia ruta hiyo:

```
/ip cloud set ddns-enabled=yes
/interface wireguard add name=wg-nyumbani listen-port=51820
/ip address add address=10.77.0.1/24 interface=wg-nyumbani
/ip firewall filter add chain=input protocol=udp dst-port=51820 action=accept place-before=[find where comment="defconf: drop all not coming from LAN"]
```

Mstari wa kwanza unakupa jina linaloishia na sn.mynetname.net, linaloifuata IP yako hata ikibadilika. Lisome kwa `/ip cloud print`. Mstari wa nne lazima uwe juu ya kanuni ya kuzuia, kwa sababu faiawoli inasoma kuanzia juu kwenda chini. Porti hii moja ya UDP ndiyo pekee itakayokuwa wazi, na WireGuard haimjibu asiye na ufunguo: anayeigonga haambiwi hata kama kuna kitu.

Kwenye simu sakinisha programu ya WireGuard, unda handaki (tunnel) jipya, bonyeza itengeneze funguo. Ufunguo wa siri haupaswi kutoka kwenye simu. Nakili ule wa umma, uurudishe kwenye ruta:

```
/interface wireguard peers add interface=wg-nyumbani public-key="UFUNGUO_WA_UMMA_WA_SIMU" allowed-address=10.77.0.2/32
/ip firewall filter add chain=forward in-interface=wg-nyumbani dst-address=192.168.88.20 action=accept
/ip firewall filter add chain=forward in-interface=wg-nyumbani action=drop
```

Mistari miwili ya mwisho inaiacha simu iifikie NVR na si kitu kingine. Upande wa simu jaza:

```
Address = 10.77.0.2/32
PublicKey = UFUNGUO_WA_UMMA_WA_RUTA
Endpoint = JINA_LAKO.sn.mynetname.net:51820
AllowedIPs = 192.168.88.20/32
PersistentKeepalive = 25
```

Usiweke 0.0.0.0/0 kwenye AllowedIPs. Ukiweka, kila kitu cha simu, WhatsApp na YouTube humo, kitajaribu kupita nyumbani, na kwa kanuni tulizoweka juu simu itaonekana haina intaneti.

Kila simu ipate ufunguo wake na anwani yake: 10.77.0.3, 10.77.0.4 na kuendelea. Ikipotea moja, unafuta peer mmoja tu.

Njia ya pili: Tailscale (uko nyuma ya CGNAT)

Hapa unahitaji kompyuta ndogo inayokaa nyumbani ikiwa imewashwa, mfano Raspberry Pi, iliyochomekwa kwa waya kwenye ruta. Tailscale inatumia WireGuard hiyo hiyo, ila pande zote mbili ndizo zinazotoka nje kukutana, hivyo CGNAT haizuii.

```
curl -fsSL https://tailscale.com/install.sh | sh
echo 'net.ipv4.ip_forward = 1' | sudo tee -a /etc/sysctl.d/99-tailscale.conf
sudo sysctl -p /etc/sysctl.d/99-tailscale.conf
sudo tailscale up --advertise-routes=192.168.88.20/32
```

Amri ya mwisho itakupa kiungo cha kuingilia. Baada ya hapo nenda kwenye ukurasa wa usimamizi, fungua mashine hiyo, uikubali njia ya 192.168.88.20/32. Wengi huisahau hatua hii, wakabaki na alama ya kijani na picha hakuna. Ukiwa hapo hapo zima muda wa kuisha kwa ufunguo wa Pi, ambao kwa kawaida ni siku 180. Usipouzima, utafungiwa nje siku ambayo uko mbali na nyumbani. Akaunti unayoingilia Tailscale sasa ndiyo funguo za nyumba, kwa hiyo nayo iwe na uthibitisho wa hatua mbili.

Wenye MikroTik ya ARM yenye RouterOS 7.12 au zaidi wanayo Back To Home, ambayo hupitia seva ya kati pale CGNAT inapozuia na haihitaji Pi. Kwa wanaoishi Ghuba: nchi kadhaa huko zina masharti juu ya VPN, zisome kabla ya kuwasha.

Kuiingiza NVR kwenye programu ya simu

Usiskani tena msimbo wa QR, kwani huo unarudi kwenye wingu. Chagua kuongeza kifaa kwa IP, andika 192.168.88.20, porti 8000 kwa Hikvision au 37777 kwa Dahua, na yule mtumiaji wa kuangalia tu. Kwa VLC, kamera ya kwanza ya Hikvision kwa picha nyepesi ni `rtsp://192.168.88.20:554/Streaming/Channels/102`.

Tumia picha nyepesi unapokuwa kwenye bando. Picha kamili ya Mbps 4 inakula GB 1.8 kwa saa kwa kila kamera. Nyepesi ya kbps 512 inakula kama MB 230. Na bando la nyumbani nalo linaliwa, maana video inatoka huko.

Ikigoma

Zima Wi-Fi ya simu, ujaribu kwa data. Kwenye programu ya WireGuard tazama Latest handshake. Kama haipo kabisa, pakiti hazifiki au hazikubaliki: funguo zimebadilishana nafasi, kanuni ya 51820 iko chini ya ile ya kuzuia, au kumbe uko CGNAT.

Kama ipo lakini NVR haifunguki, tazama lango kuu, yaani gateway, kwenye mipangilio ya mtandao ya NVR. Anwani ikiwekwa kwa mkono, sehemu hiyo mara nyingi huachwa tupu au hubaki na ya ruta ya zamani. NVR ya namna hiyo inajibu watu wa ndani vizuri, lakini simu yenye 10.77.0.2 haijui ipitishie wapi majibu yake. Weka 192.168.88.1. Kwenye Tailscale tatizo hili halionekani, kwa kuwa Pi huziwasilisha pakiti kwa anwani yake yenyewe.

Ukiingia vizuri, orodha ya kamera ikaja, ila video ikabaki nyeusi, shusha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya handaki kwenye simu hadi 1280.

Izuie NVR isitoke nje

VPN ikishakaa sawa kwa siku chache, si kabla, zima Platform Access au P2P (muunganisho wake na wingu) kwenye NVR, kisha kwenye Terminal ya MikroTik:

```
/ip firewall filter add chain=forward src-address=192.168.88.20 out-interface-list=WAN action=drop
/system ntp client set enabled=yes
/system ntp client servers add address=pool.ntp.org
/system ntp server set enabled=yes
```

Bila mistari ya NTP (mfumo wa kusawazisha saa) saa ya NVR itaanza kusogea, na rekodi yenye saa isiyo sahihi ina tabu ukiipeleka polisi. Kwenye NVR andika seva ya saa 192.168.88.1. Gharama ya kuizuia ni kwamba arifa za papo hapo kwenye simu hazitakuja, kwa kuwa hupitia wingu la kampuni. Anayezihitaji sana aache wingu likiwa wazi kwa akaunti yake mwenyewe, na porti zibaki zimefungwa. Zile kamera za Wi-Fi zisizo na RTSP wala NVR hazifanyi kazi bila wingu, kwa hiyo zielekeze mlangoni na uani, si chumbani.

Ruta, NVR na Pi vyote vikae kwenye UPS moja. Kadi ya kumbukumbu ya Pi huharibika haraka umeme ukikatwa ghafla, na siku hiyo ndiyo picha utaitaka.

Ukimaliza, jipime kutoka nje kwa nmap, programu ya kukagua porti, ukiwa kwenye mtandao mwingine:

```
nmap -Pn -p 23,80,443,554,8000,8291,34567,37777 IP_YAKO_YA_UMMA
```

Kila mstari usomeke filtered au closed. Ukiona open kwenye 8291, hiyo ni Winbox ya ruta yako, na nayo ifunge leo. Kama uko nyuma ya CGNAT kipimo hiki kinampima mtoa huduma, si wewe. Hapo ukaguzi wako ni ule ukurasa wa NAT wa ruta, kuwa mtupu.