Kabla ya kupakia toleo jipya: mtumiaji asibaki na la jana

Ukiwa na programu ya wavuti, seva yako hukiambia kivinjari kihifadhi mafaili kwa muda gani; hifadhi hiyo ndiyo kache. Agizo la kache ukishalituma, hulirudishi. Ukiagiza index.html, yaani ukurasa wa kwanza unaoyaita mafaili mengine, ikae mwaka mzima kwenye simu ya mtu, simu hiyo haina sababu ya kuiuliza tena seva yako, hata kama kosa umelirekebisha dakika tano baadaye. Kwa hiyo kazi hii hufanywa kabla, si baada ya malalamiko.

Anza na index.html yenyewe. Ipe heda (maelezo ambayo seva huyatuma pamoja na faili) ya Cache-Control: no-cache. Jina hilo linawapotosha wengi: halikatazi kuhifadhi, bali linakitaka kivinjari kiulize seva kwanza kila mara. Faili likiwa halijabadilika, seva hujibu 304, yaani "halijabadilika", bila kulituma tena, na bando la mtumiaji linapona. Kinachokataza kuhifadhi ni no-store. Usiliache bila heda ukidhani uko salama, maana kivinjari hujikadiria muda chenyewe, kwa kawaida sehemu ya kumi ya umri wa faili tangu lilipobadilishwa mwisho. La siku 30 laweza kukaa siku 3.

Mafaili ya JavaScript na CSS ni kinyume chake. Majina yao yabebe heshi ya kilichomo, yaani alama fupi inayokokotolewa kutokana na kilichomo, mfano app.3f9a1c.js. Vite, zana ya kujengea programu za wavuti, hufanya hivyo yenyewe. Hapo weka max-age=31536000, immutable (sekunde za mwaka mzima, na ahadi kwamba faili halitabadilika) bila woga: kilichomo kikibadilika, jina nalo hubadilika.

Mafaili ya toleo lililopita usiyafute siku hiyohiyo. Hili liliniuma. Karani alikuwa na ukurasa wazi tangu asubuhi, mchana tukapakia toleo jipya, akabonyeza sehemu ya risiti, programu ikaomba kipande tulichokwisha kukifuta. Skrini nyeupe, na wateja wamepanga foleni mbele yake. Siku hizi naacha matoleo mawili matatu ya nyuma kwenye seva. Programu nayo huulizia mara kwa mara faili dogo lenye namba ya toleo. Ikikuta jipya, humwomba mtu aufungue upya ukurasa akimaliza anachojaza. Kumfungulia upya kwa nguvu katikati ya fomu ni kumpotezea kazi yake.

Kama unatumia sevisi woka (service worker, hati inayofanya kazi nyuma ya ukurasa na kuweza kujibu maombi kutoka kwenye kache), kumbuka mpya husubiri mpaka kurasa zote zinazotumia ya zamani zifungwe, isipokuwa umeita skipWaiting, amri ya kuruka kusubiri huko. Kama kuna CDN (mtandao wa seva zinazohifadhi nakala karibu na watumiaji) mbele ya seva, safisha kache yake pia.

Mwisho, jaribu kwa simu iliyofungua programu jana, ya bei nafuu kama za watumiaji wako. Dirisha la faragha halikuonyeshi kitu, kwa sababu huanza bila kache.