Konsantratere ya oksijeni: tununue ao tuache? Hatua za kufuata kabla komite haijasaini

Hapa Bukavu hakukosi mtu wa kuja na katalogi, ao mfadhili anapiga simu mashine iko, mkubali leo wiki ijayo inafika, na komite yote inapiga makofi. Kazi yangu ni kusaidia hospitali na santre za afya kuchagua vifaa, na kitu nabishana nacho kila siku na batitulere, wale wakubwa wa santre, ni hiki: utafiti haupimi mashine peke yake, unapima mashine pamoja na kuranti na wauguzi waliokuwa kando yake. Tuchukue konsantratere, ile mashine ya umeme inayotoa oksijeni kwenye hewa, juu ndiyo inaulizwa sana.

Hatua ya 1. Andika swali. Ukiuliza "konsantratere ni nzuri?" kila mtu atasema ndiyo na mtaenda kunywa fanta. Andika mgonjwa ni nani, tunampa nini, badala ya nini, tunataka nini kipungue. Mfano: watoto chini ya miaka 5 wenye nimonia kali, tukiwapa oksijeni ya konsantratere na kuwapima na oksimetre (kile kifaa cha kidole kinachopima oksijeni ya damu), badala ya hizi butele za oksijeni tunajazisha mjini, vifo vitapungua? Watu wanaruka hapo kwenye "badala ya nini", na ndipo pesa inapotea, maana kama butele zenu haziishi basi mashine itawaongezea kidogo tu.

Hatua ya 2. Tafuta utafiti, na usianze na karatasi ya muuzaji. Cochrane, wale wanaokusanya na kupima tafiti za afya, wako na muhtasari mzuri, na Hinari, iliyo ndani ya Research4Life, inafungulia taasisi za Kongo majarida bila kulipa, lazima tu taasisi yenu ijiandikishe. Kwa oksijeni utakuta kazi ya Papua New Guinea iliyotoka kwenye Lancet mwaka 2008: hospitali tano ziliwekewa konsantratere na oksimetre, na vifo vya watoto wenye nimonia vikashuka kutoka 4.97 kwa mia mpaka 3.22, kama theluthi moja hivi. Walihesabu na gharama, dola 1,673 kwa kila mtoto aliyeokolewa.

Hatua ya 3. Uliza ushahidi una nguvu gani. Mfumo wa GRADE una ngazi nne: juu, wastani, chini, chini sana. Ile ya Papua ni ya kulinganisha kabla na baada, hakuna watoto waliogawanywa kwa kura, kwa hiyo inaanza chini, pengine kuna kitu kingine kilibadilika wakati ule ule. Mimi siitupi, juu nani atakubali kumnyima mtoto oksijeni ili apate kundi la kulinganisha? Lakini msiniambie "akili tu inaonyesha itasaidia". Kumpa mtoto mwenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu maji mengi ya haraka kwa mshipa, akili ilikuwa inaonyesha hivyo, halafu 2011 utafiti wa FEAST kwa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania ukatoa kwamba ndani ya saa 48 waliopewa yale maji walikufa zaidi, kama 10.5 kwa mia, na wasiopewa 7.3.

Hatua ya 4. Leta namba nyumbani. Fungua rejista. Tuseme mwaka jana mlilaza watoto 80 wa nimonia kali, 6 wakafa. Theluthi ya 6 ni 2. Ni watoto wawili kwa mwaka, kama kwenu mambo yataenda sawa na kule. Sasa soma zile kesi 6 moja moja: saa ya kufika, saa ya kufa. Kama wanne walikaa kwanza siku nyingi kwenye chumba cha maombi, wakafika kwenu wanakata roho, usiandike 2, andika "kati ya 0 na 2".

Hatua ya 5. Hesabu gharama yote, hapa msiwe na haraka. Mashine ya lita 5 inakula kama wati 350, ikitembea saa 24 ni kilowati-saa 8.4 kwa siku, na wote tunajua kuranti ya SNEL, shirika la umeme, inavyokatika. Sasa grupu (jenereta) itawaka, mazutu nani analipa, saa nane za usiku nani anaamka kuiwasha? Omba proforma yenye stabilizatere, filtre, piyese za akiba, duane, na jina la teknisiye ambaye yuko Bukavu, kama yuko Kinshasa hiyo hesabuni hamna teknisiye. Butele moja ibaki ya dharura hata mkinunua. Oksimetre nayo iwe ndani ya bei: kwa OMS, shirika la afya la dunia, mtoto ambaye oksijeni ya damu iko chini ya 90 kwa mia anahitaji oksijeni, na sisi huku ziwa likiwa mita 1,460 juu ya bahari bado tunatumia hiyo 90. Muuguzi anayeangalia rangi ya midomo tu anakosa wengi. Pesa ikiwa haitoshi kwa vyote, mimi ningeanza na oksimetre, wengine watabisha, sawa.

Hatua ya 6. Pesa hiyo hiyo ingefanya nini kingine? NICE ya Uingereza, taasisi inayoamua matibabu gani serikali ilipie, miaka mingi ilitumia mpaka wa pauni 20,000 hadi 30,000 kwa mwaka mmoja wa maisha yenye afya, usijaribu kuuleta huku kwetu Kadutu. Angalia stoku yenu. Artesunate ya sindano ilishusha vifo vya watoto wenye malaria kali kutoka 10.9 kwa mia ya kinini mpaka 8.5, utafiti wa 2010 katika nchi tisa za Afrika, na Kinshasa ilikuwemo, watoto 5,425 waliogawanywa kwa kura, ushahidi wa nguvu kabisa. Kama kwenu artesunate inaisha kila msimu wa mvua, rekebisheni hiyo kwanza.

Hatua ya 7. PV, yaani ripoti ya kikao. Ukurasa mmoja: swali, ngazi ya ushahidi, ile "kati ya 0 na 2", gharama ya mwaka, nani alikataa na kwa nini. Mwisho tarehe ya kuangalia tena, miezi sita, na sharti lililoandikwa wazi: kama mashine ililala zaidi ya nusu ya siku za hiyo miezi sita kwa kukosa kuranti, inapelekwa kwenye santre nyingine ya zoni yenye umeme.