Kontrola ya vigari vya mfereji: kufunga breki na kuchagua omu

Kijana mmoja wa hapa Shangani, Mtwara, aliniletea seti ya vigari vya umeme vya skeli 1/32, vile ambavyo kipini cha chini ya pua kinapita ndani ya mfereji na reli mbili za pembeni zinapeleka umeme kwenye mota. Malalamiko yake: gari linatoka njiani kila kona. Alishabadilisha matairi, akaongeza na uzito. Shida haikuwa hapo. Kontrola yake, kile kishikio cha mkononi chenye triga ya mwendo, ilikuwa ya nyaya mbili, na ya nyaya mbili haina breki. Ukiachia triga, gari linaserereka tu mpaka lichoke lenyewe. Wengi wanadhani kontrola ni ya kuongeza mwendo. Mimi nasema nusu ya kazi yake ni kuupunguza, na mbio nyingi zinapotea hapo.

Haya ninayoeleza ni ya seti za kawaida, gari moja njia moja. Seti za dijitali, ambazo magari kadhaa yanatumia njia moja, usizikate waya hata mmoja. Kule reli zina umeme muda wote, breki inafanywa na chipu iliyo ndani ya gari.

Hatua ya 1: Umeme uliotulia

Natumia betri ya sola ya volti 12. Jioni umeme ukiyumba, adapta hafifu nayo inayumba, na hujui kama kona umeikosea wewe au volti ndizo zimeshuka. Ila betri ikipigwa shoti inatoa moto kwelikweli. Weka fyuzi ya ampea 3 jirani kabisa na ncha ya chanya. Ile ya ampea 10 ya pikipiki ni kubwa mno kwa nyaya nyembamba hizi.

Hatua ya 2: Safisha reli

Kifutio kigumu cha wino, halafu kitambaa chenye spiriti. Hewa ya chumvi ya huku inazipiga kutu reli za chuma upesi, na nyumba za Mikindani zinazotazama maji ndiyo zaidi. Msasa mkali usiuguse.

Hatua ya 3: Waya wa tatu

Hapa nenda taratibu, maana ndipo kontrola zinapoungulia.

Kwanza ielewe breki yenyewe. Mota inayozunguka bila kupewa umeme inageuka jenereta. Reli mbili zikiunganishwa, umeme huo unapata njia ya kuzunguka na kurudi kwenye mota, unaivuta kinyume, gari linapungua. Jaribu kwa mkono: toa nyaya zote za betri, unganisha reli mbili kwa kipande cha waya, weka gari njiani ulisukume. Utasikia uzito. Ondoa kile kipande, sukuma tena, litakuwa jepesi. Ule uzito ndiyo breki yako. Unakuwa mkubwa mota ikizunguka kasi na unapungua gari linapokaribia kusimama, kwa hiyo usitegemee breki hii ilishike gari papo hapo.

Kazi ya waya wa tatu ni kuziunganisha reli hizo kila unapoachia triga. Kontrola nyingi za nyaya tatu zina rangi hizi: nyeupe inakwenda chanya ya betri, nyeusi inakwenda reli ya kwanza, nyekundu inakwenda hasi pamoja na reli ya pili. Angalia vizuri: nyekundu hapa ndiyo breki, siyo chanya. Fundi aliyezoea redio au gari ataishika nyekundu aipeleke chanya bila kufikiri.

Ukizikosea, matokeo yanatofautiana. Ukibadilishana nyeupe na nyekundu, gari linaondoka spidi yote hujagusa triga, na ukivuta mpaka mwisho linafunga breki. Hilo halina hasara. Ukibadilishana nyeusi na nyeupe, ni shoti pale pale unapounga betri. Ukibadilishana nyeusi na nyekundu, mwanzo huoni kitu, ila siku utakapovuta triga mpaka mwisho chanya inakutana na hasi ndani ya kontrola, na bila fyuzi utanusa plastiki.

Rangi zenyewe usiziamini mpaka upime, kwa sababu si kila kiwanda kinafuata mpangilio huo. Kabla ya kuunga chochote, weka multimita kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Triga ikiwa imeachiwa, nyeusi na nyekundu zisome karibu na 0. Ivute kidogo, zikatike. Ivute mpaka mwisho, nyeusi na nyeupe zisome karibu na 0. Ikiwa breki inasoma omu mbili tatu badala ya 0, fungua kontrola usafishe kile kibati cha shaba ambacho mkono wa triga unakilalia. Kikiwa cheusi, breki inalegea.

Kontrola ya nyaya mbili inaweza kuongezwa waya wa tatu: piga lehemu kwenye kibati kidogo cha shaba, kikae pale mkono wa triga unapopumzika, halafu pima upya yote niliyosema.

Hatua ya 4: Chagua omu

Resista iliyo ndani ya kontrola, ile inayozuia umeme, inakula volti kulingana na umeme ambao mota inavuta. Resista ya omu 45, mota ikivuta ampea 0.1, inakula volti 4.5. Mota ikivuta 0.2, zinaliwa volti 9. Ndiyo maana kontrola moja ni tamu kwa gari hili na mbovu kwa lile. Gari likiruka mara tu ukigusa triga, omu ni chache. Likikaa kimya mpaka nusu ya triga, omu zimezidi. Kwa 1/32 ninaanzia 45, nikishuka kwenye 35 kama gari lina sumaku kali chini, ile inayolivuta kwenye reli.

Kontrola za elektroniki haziteswi na jambo hili, ni nzuri kweli. Lakini kwa Mtwara bado nampa mtu ya resista. Ikifa, unaifungua mezani, unaona kilichoungua, unakirekebisha jioni hiyo hiyo bila kusubiri kifaa kije na basi kutoka Kariakoo.

Hatua ya 5: Legeza breki kama imezidi

Gari lisilo na sumaku likifungwa breki yote katikati ya kona, mkia unaruka nje. Kata waya mwekundu uweke volyumu (resista ya kuzungusha) ya omu 25 katikati. Iwe ya waya uliosokotwa. Ile ndogo ya redio itaungua. Anza kwenye 0, breki yote, uzungushe gari huku ukiachia triga likiwa bado limenyooka. Mkia ukiendelea kuruka, ongeza omu kidogo kidogo mpaka utulie, kisha weka alama kwa kalamu, kila gari na alama yake.